Moto wa Kuomba na Moto wa Kupekecha

Zamani moto ukizimika jikoni, mama mwenye nyumba hakukimbilia vijiti. Alimtuma mtoto kwa jirani. Mtoto alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda kupaa makaa mawili matatu kwenye meko ya watu, akarudi upesi kabla hayajafa. Ndiyo maana hata leo mgeni anayebisha hodi na kuaga kabla hajakaa kitako huulizwa kama amekuja kuchukua moto. Muulizaji anapikia gesi, muulizwaji hajawahi kushika kigae maishani mwake, na bado wanaelewana.

Naanzia hapo makusudi. Siku hizi mtu akitaja kuwasha moto kwa vijiti, picha inayomjia msikilizaji ni ya mwanamume mmoja, aghalabu Mzungu, yuko porini mbele ya kamera, amevua shati, anapekecha mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Moto ukishika, anapiga ukelele. Kule Ulaya na Marekani watu hulipa ada wafundishwe hivyo, na vijana wetu nao wameanza kuziiga video zao. Funzo lililofichwa humo ni kwamba mwenye vijiti viwili hamhitaji mtu. Mimi nimejifunza kupekecha, na naona kinyume chake. Kazi za mikono zinazomdai mtu mwenziwe kama hii ni chache.

Vyombo vyenyewe ni viwili tu. Kijiti kinachosimama na kuzungushwa ni ulindi. Kipande kinacholazwa chini, chenye tundu, ni ulimbombo. Aliyenionyesha namna ya kuvitengeneza ni mzee mmoja mrina asali wa Sikonge, mkoani Tabora. Huko ni nchi ya miombo, na asali yake inajulikana Tanzania nzima. Mizinga ya magome hutundikwa mbali na makazi, na warinaji hupiga kambi humohumo msituni. Nyuki hawaendewi bila moshi. Kiberiti kikilowa, au kikidondoka mtoni, hakuna kurina wala kupika, na jirani wa kupelekewa kigae hayupo. Hapo ndipo ulindi na ulimbombo vilipokuwa na kazi yake, pale majirani wanapokoma. Nyumbani vilikaa darini mwezi baada ya mwezi bila kushushwa.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na utani huo hunasibishwa na misafara iliyokuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu. Mtani haachi nafasi impite. Aliigeuza mikono yangu, akavitazama viganja kwa muda, akasema, “Mtani, hii mikono imezoea kuhesabu pesa za mkopo. Itakulaani.”

Haikunilaani asubuhi hiyo, maana asubuhi hiyo hatukupekecha. Tulitafuta mti. Nilitarajia kazi ya misuli, nikapewa kazi ya macho, ya ukucha na ya mdomo.

Ulimbombo hutaka mti mwepesi, usio na utomvu, uliokauka ungali umesimama. Tawi lililolala chini, hata likionekana kavu, limekunywa unyevu wa ardhi. Mzee alikuwa akiyapita matawi ya namna hiyo bila kuinama. Lililomvutia alilibonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Likibaki na alama, linafaa. Likimeguka, limeoza. Ukucha ukiteleza, mti ni mgumu mno, utasuguliwa mpaka ung'ae na hautatoa unga. Lililofaulu kwa ukucha alilikata, kisha akauweka uso wa mkato kwenye mdomo wake wa chini na kutulia kidogo, kama anayesikiliza. Mti wenye maji ndani hupoza mdomo, hata kama kiganja hakihisi kitu. Tulitupa vipande vingi kwa hukumu ya mdomo huo, na baada ya vichache alinipa na mimi niwe nahukumu. Ubaridi wenyewe ni mdogo sana. Mtu mwenye haraka hausikii.

Ulindi ni ufito mwembamba ulionyooka, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa dhiraa moja na zaidi kidogo. Gome hubanduliwa lote. Vifundo hukwanguliwa kwa kisu mpaka mkono upite bila kukwama, kwa sababu kifundo kimoja kilichosahauliwa ndicho kitakachochana kiganja. Wengine hutoa ulindi na ulimbombo katika mti uleule mmoja, na kazi huenda vizuri tu. Ubaya ni ugumu kukutana na ugumu. Hapo tundu hugeuka jeusi la kumetameta, ulindi huanza kulia kwa sauti nyembamba inayokera, na mpekechaji anaweza kukaa hapo mpaka jioni. Dawa yake ni kukwangua ule weusi, au kudondoshea chembe chache za mchanga tunduni ili ukwaruzo urudi.

Halafu kuna pengo, na hapa ningemwomba msomaji asiwe na haraka, maana siri yote ya ufundi huu imo katika mkato wa kisu usiozidi upana wa kidole.

Asiyejua hudhani moto huzaliwa ndani ya tundu, pale ncha ya ulindi inapouma. Hauzaliwi pale. Ndani ya tundu kuna joto jingi na hewa kidogo. Ubavuni mwa ulimbombo hukatwa pengo lenye umbo la herufi V, lianzie ukingoni na lifike karibu na kitovu cha tundu. Unga unaosagwa na ulindi hutokea huko na kuanguka juu ya jani kavu, kigae au bapa la kisu lililotegwa chini. Moto huanzia humo, katika kijilima cha unga kisichozidi ukubwa wa ukucha. Kila chembe huanguka ikiwa na joto lake. Chembe moja hupoa papo hapo. Zikirundikana hutunziana joto, joto likapanda kupita nyuzi 300 za Selsiasi, hewa ikapenya pengoni, na kijilima kikaanza kuungua chenyewe. Pengo likiwa jembamba kupita kiasi, unga hukwama ndani ukakosa hewa. Likiwa pana, unga hutawanyika na kila chembe hufa peke yake.

Sasa kupekecha. Unakaa chini, unaukanyaga ulimbombo kwa unyayo usicheze, unasimamisha ulindi tunduni, unaubana juu kabisa kati ya viganja, unavisugua mbele na nyuma huku ukikandamiza. Kule kukandamiza kunavishusha viganja vyenyewe. Vikifika chini, unavirudisha juu haraka, kwa maana wakati wote ulindi uliosimama, tundu linapoa. Mwanzo huendi mbio. Unakusanya unga na unatunza pumzi. Unga wa kwanza ni wa rangi ya mbao, mwepesi, haufai kitu. Baadaye unakuwa wa hudhurungi. Kisha moshi mwembamba unachungulia, na mwanafunzi husimama kuutazama, ukafa.

Methali inasema pafukapo moshi pana moto. Mpekechaji anajua kwamba aliyeitunga alikuwa na kiberiti. Moshi huja mapema sana, na sehemu ngumu kuliko zote ni ile iliyopo baina ya moshi na moto, wakati mabega yanawaka, jasho linadondoka puani na mtu anapaswa kuongeza kasi wakati mwili wake wote unaomba kupumzika. Alama ya kuaminika ni rangi ya unga. Ukishakuwa mweusi na wenye vinyuzi vidogo vidogo vilivyoshikana, unatoa nguvu zote zilizobaki. Kisha unaacha. Unaondoa ulindi taratibu. Kijilima kikiendelea kufuka bila msaada wako, kaa limo.

Hapo wengi huharibu kwa furaha. Hulinyakua kaa wakati bado ni changa, likavunjika vipande. Mzee alikuwa na amri moja kwa wakati huo: “Liache lipumue.” Tulilitazama likifuka, moshi wake ukizidi kuwa mzito, mpaka likashikana likawa kitu kimoja. Ndipo alipolitia katikati ya nyuzi za gome la mti wa miombo, zilizosuguliwa viganjani mpaka zikalainika. Sisi wa pwani tuna makumbi ya nazi kwa kazi hiyo, tena ni mazuri kuliko gome, ila sikumwambia, maana utani una mipaka yake. Alizikunja nyuzi zile kulizunguka kaa, akaziinua juu ya kiwango cha kinywa chake na kupuliza kwa pumzi ndefu nyembamba. Kuziinua kuna sababu. Moshi hupanda ukaenda zake badala ya kuingia machoni. Ulitoka mweupe, ukaongezeka, ukawa wa njano njano, halafu pakawa na mwali mkononi mwake, naye akauweka chini bila kuutazama mara mbili, akaanza kutafuta tumbaku yake.

Nimeeleza kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja. Fundi huweza kuifanya peke yake, hilo nimeliona. Lakini nilichokiona kwa mzee ni kwamba hata fundi hakubali kufanya peke yake akiwa na mwenzake karibu. Alipekecha na mjukuu wake. Walikaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Viganja vya mzee vilipokaribia chini, vya kijana vilikuwa vimekwisha kutua juu, na ulindi haukusimama hata nukta. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyetoa ishara. Wakati mmoja akisugua, mwingine alikuwa akinyoosha vidole na kuvuta pumzi. Malengelenge huwa sehemu ya yule anayeshikilia kufanya yote mwenyewe, kwa sababu dhiki ya kazi hii iko pale pa kurudisha mikono juu, na mikono minne hairudi kamwe. Inapokezana.

Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanajulikana kwa hili kuliko watu wengine wote wa Tanzania. Ni watu wapatao elfu moja na ushei, baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Wanaume wawili au watatu hukizunguka kijiti kimoja, ulimbombo juu ya bapa la kisu, wakapokezana mpaka kaa lianguke, na mwenzao ameshapigilia vigingi kwenye shina la mbuyu ili apande kwa nyuki. Watalii wanaofika Mang'ola huonyeshwa ufundi huo na kualikwa kujaribu, na wengi huchoka kabla unga haujabadilika rangi. Kisha hupiga picha. Nimeziona picha nyingi za namna hiyo katika majarida ya usafiri, na karibu zote zinamwonyesha Mhadzabe mmoja ameinamia ulindi mmoja. Mikono ya mwenzake, ikiwa imebahatika, inaonekana pembeni ikiwa imekatwa kwenye kifundo. Mpiga picha alikuja na lile wazo la mtu wa peke yake, akalikuta, maana ndiye aliyeamua ukingo wa picha uishie wapi.

Kwa Wamaasai upekecho umepanda ukawa taasisi. Rika jipya la vijana linapofunguliwa, moto wake hauwashwi na vijana wenyewe, wala na rika linalowafuata kwa juu, ambalo kwa kawaida ni washindani wao. Huwashwa na wazee wa rika la pili kutoka kwao. Wazee hao huitwa kwa jina la kile kijiti cha moto, olpiron, na tangu siku hiyo ndio walezi wa rika hilo. Huwaonya, huwatetea, huwabariki, na laana yao haichezewi. Ndivyo ilivyo pia kwa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wanaozungumza lugha hiyohiyo ya Maa. Paul Spencer, katika kitabu chake juu ya Wasamburu kilichotoka mwaka 1965, aliwaweka wazee hao wa kijiti cha moto katikati kabisa ya maelezo yake ya jinsi wazee wanavyowatawala vijana. Kama lingekuwa suala la misuli, morani angepekecha haraka kuliko babu yeyote. Misuli si hoja. Moto uliojiwashia mwenyewe haukupi mtu wa kukuonya.

Pwani yetu nayo ilikuwa na lake, na mimi kama mtu wa pwani naona haya kwamba nililijua baada ya kurudi kutoka Tabora. Wageni walioandika juu ya Waswahili katika karne ya 19 wanaieleza Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa jua. Watu waliamka mapema wakaenda kuoga. Moto wa nyumba zote ulizimwa kwa maji. Majivu yalizolewa yakatupwa njia panda. Kisha moto mpya ukapekechwa kwa vijiti viwili vikavu. Nyakati hizo siku hiyo iliangukia nusu ya pili ya Agosti. Mwaka wenyewe una siku 365 bila ile siku ya ziada, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne, na ndiyo sababu sikukuu hiyohiyo, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, sasa huchezwa Julai. Watu humiminika Makunduchi kuwatazama wanaume wakitandikana kwa migomba na kibanda cha makuti kikiteketea. Ni tamasha zuri, sina neno nalo. Ila mawazo yangu hubaki kwenye ule uzimaji wa zamani.

Hebu uwaze mji mzima hauna kaa hata moja. Siku nyingine zote za mwaka kuna mwenye moto na asiye nao, kuna mwombaji na mwombwaji, na katika kila mtaa kuna nyumba ambayo moto wake haufi kwa sababu ina watu wengi, kuni nyingi na watumishi wa kuamka usiku. Siku ya Mwaka nyumba hiyo nayo ilikuwa na meko baridi, sawa na ya mjane wa pembeni mwa mji. Hapakuwa na mtu wa kupelekewa kigae. Vijiti vilivyokaa darini mwezi baada ya mwezi vilishushwa kwa ajili ya siku ambayo hakuna awezaye kumkopesha mwenziwe. Kesho yake kukopeshana kukaanza upya, madeni yote ya moto yakiwa yamefutwa. Hii ni tafsiri yangu, na wazee wa Makunduchi wana haki ya kunisahihisha.

Hata Wamisri wa kale hawakumwacha mfalme wao hivihivi. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, kati ya vitu vyote vile vya dhahabu kulikuwa na seti ya kupekechea moto, ubao wenye safu ya matundu pamoja na uta wa kuzungushia kijiti. Sidhani kama kijana yule aliwahi kuigusa akiwa hai. Waliomzika walijua kwamba aendako hana jirani.

Kisha kiberiti. Mwaka 1827, katika mji wa Stockton-on-Tees huko Uingereza, mwuza dawa John Walker alianza kuuza vijiti vilivyopakwa kemikali, vilivyowaka vikiburuzwa kwenye karatasi ya msasa. Msuguano ni uleule wa ulindi na ulimbombo. Kilichopungua ni muda, kwa kuwa kemikali ya kichwani huwaka kwa joto dogo ambalo mburuzo mmoja unalitosheleza. Bei ya urahisi huo ililipwa na wengine: fosforasi nyeupe iliyotumika baadaye iliozesha taya za wafanyakazi wa viwandani, na ilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Bern mwaka 1906. Viberiti vingi vya leo vina fosforasi nyekundu, nayo iko ubavuni mwa kisanduku, si kichwani mwa kijiti. Anayewasha jiko kwa njiti bado anapekecha, ila mara moja tu.

Watu husema kiberiti kiliua upekecho. Nadhani wanakosea jina la marehemu. Upekecho ulikuwa jambo la nadra tangu hapo, kazi ya msituni, ya safarini na ya siku kuu. Jambo lililokuwa likifanyika kila jioni, mtaa hadi mtaa, ni lile la kigae. Na kigae hakikubeba makaa peke yake. Mtoto aliyetumwa moto alirudi na habari. Kwa fulani kuna mgonjwa. Kwa fulani leo hakijatelekwa kitu. Fulani na mumewe hawasemezani. Mama aliyegombana na jirani yake asubuhi ilimbidi afikirie jioni atamtuma mtoto wapi, na mara nyingi ugomvi ulikufa hapo, kwa sababu njia ya nyumba ya tatu ni ndefu na makaa hupoa njiani. Kumnyima mtu moto lilikuwa tusi zito, tena la kijinga, maana moto hata ukiugawa haupungui, na kesho wako ndio utakaozimika. Kisanduku kidogo cha njiti kilimwondolea mtoto safari hiyo. Hakuna aliyekilaumu. Nami, kama ningekuwa yule mama, nisingekilaumu.

Wala simhimizi mtu arudi kwenye meko ya mafiga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wengi wao wangekuwa hai kama jikoni mwao kungekuwa na kitu kingine. Tanzania imejiwekea mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na natamani ifike mapema zaidi. Jiko langu la gesi huwaka kwa kubonyeza kitufe, na kila alfajiri nakibonyeza kwa shukrani. Kinachonikera ni pale tunapouchukua ufundi wa watu waliopokezana na kuuuza kama ufundi wa mtu aliyejitosheleza. Kijana anayejifunza kupekecha kwenye video atapata kaa, sina shaka, kama ana subira. Atakuwa amepata nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kujua mikono ya mwenzako iko wapi bila kuitazama, na hiyo hakuna video inayoweza kuifundisha, kwa sababu video humkuta mtu amekaa peke yake.

Ukitaka kujaribu, subiri kiangazi. Bara ni kati ya Juni na Septemba. Pwani, masika yatakuchosha bure, maana mti hunywa unyevu wa hewa usiku kucha. Vikaushe vijiti vyako darini au juani kwa siku nyingi kuliko unavyodhani vinahitaji. Usipekeche msituni wala kando ya shamba la mtu, kwa sababu nyasi za mwisho wa kiangazi hazingoji kualikwa. Fagia uwanja, weka ndoo ya maji pembeni, waambie watoto wakae mbali. Na kabla ya kutafuta mti, mtafute mtu wa kupokezana naye, mwenye mikono mikavu na subira ya kukaa chini. Mti unaofaa utaupata. Porini uko mwingi.